Mashine ya Tano

Mikumi, 3 Machi 2025

Dada Joha,

Shikamoo. Habari za hapo Kilosa? Mama anaendeleaje na kifua? Mimi huku sijambo, vumbi la malori tu kama kawaida.

Nakuandikia barua pepe ili iwe barua ya kwanza kupita kwenye mitambo yangu mwenyewe. Najua ulinuna nilipopanga zile kompyuta chumbani kwa mama, lakini waya wa intaneti umeingilia huko, na hapa Mikumi mwenye nyumba wangu hataki hata nipigilie msumari. Kampuni ya intaneti imenipa anwani tano za IP. Anwani moja ni kama mlango wa duka, mtu yeyote duniani anaweza kubisha hodi. Kila anwani nimeiwekea kompyuta yake. Ya kwanza ni ya barua, ya pili gesti za hapa, ya tatu gereji ya malori, ya nne shule moja ya Kidodi. Ya tano bado haina kazi.

Mteja akikuta mlango umefungwa harudi tena, kwa hiyo zisizimwe hata dakika. Umeme ukikatika, betri na inveta zitazibeba. Msalimie mama sana.

Mdogo wako,
Nassir

*

Kilosa, 19 Machi 2025

Mdogo wangu Nassir,

Marahaba. Sisi tunashukuru Mungu, ila mama si mzima. Anaishi kwa ile mashine ya oksijeni tuliyoazimwa hospitalini, mrija hautoki puani. Jumatatu umeme ulikatika nusu saa. Kompyuta zako ziliendelea kuunguruma na taa zao za kijani, ya mama ikanyamaza. Midomo yake ilibadilika rangi. Nilimpepea na kipande cha boksi mpaka mkono ukafa ganzi, huku najua kabisa kwamba upepo si dawa. Niliogopa, Nassir. Sijawahi kuogopa hivyo.

Naomba kitu kimoja tu. Nichomoe hiyo ya tano isiyo na kazi, mashine ya mama ichomekwe mahali pake kwenye inveta. Mama mwenyewe hataki nikuombe. Wageni wakija anawaonyesha zile taa, anasema, "Mwanangu ana wateja dunia nzima humu."

Dada yako,
Joha

*

Mikumi, 21 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Poleni na kuuguza.

Inveta ilipimwa kwa mashine zangu tano, basi. Ya oksijeni peke yake inakula umeme wa kompyuta mbili. Na hiyo ya tano ni ya akiba. Mteja akija kesho nimwambie nini, kwamba mlango wake kaulalia mama? Hiyo nusu saa si aliimaliza? Umeme ukikatika mpelekeni hospitali, ni karibu.

Zote tano naziona hapa kwenye simu. Ikizimika moja, najua papo hapo.

Mdogo wako,
Nassir

*

Kilosa, 28 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Hujambo? Nakueleza mwenyewe usije ukadhani ni hitilafu. Leo umeme umekatika saa nne asubuhi. Nimechomoa ya tano, nimechomeka ya mama. Kwa saa nzima na nusu mama amepumua vizuri, akaomba na uji, akanisimulia ulivyokuwa ukilia ukiachwa nyumbani siku ya gulio. Umeme uliporudi nimerudisha kila kitu kama kilivyokuwa.

Nitafanya hivyo tena. Bora ujue.

Dada yako,
Joha

*

Mikumi, 5 Mei 2025

Joha,

Ya tano ilizimika saa nne na dakika kumi na mbili. Inveta ikazidiwa, ya pili ikajizima na kujiwasha, na watalii waliokuwa wanatafuta vyumba wakaenda kwa wengine. Umenitia aibu kwa watu walioniamini.

Kesho fundi Makarius analeta kizimba cha nondo. Mashine na inveta vitakaa humo ndani, kufuli moja, ufunguo ninao mimi. Kumbuka hati ya nyumba mama aliiandikisha kwa jina langu, na kumbuka ulirudi hapo na begi moja ulipoachika. Ukigusa tena, utafute pa kukaa.

Namba yako nimeifungia kwenye simu yangu, ukipiga hainifikii. Ukiwa na neno, andika.

Nassir

*

Kilosa, 9 Mei 2025

Nassir,

Shikamoo yako sikuiona, lakini siandiki kudai heshima.

Kizimba kimefungwa. Makarius alipomaliza alimwomba mama radhi. Mama akamwambia ni kazi nzuri, mwizi hapiti. Alipoondoka ndipo akaniuliza mwanawe anamwogopa mwizi gani humo chumbani, maana anayelala humo ni yeye peke yake.

Nipe ufunguo. Begi langu bado ninalo, nitaondoka siku hiyohiyo ukitaka. Au kama huniamini, mtafute mwingine unayemwamini, mpe yeye.

Joha

*

Kilosa, 23 Mei 2025

Nassir, hujambo? Hukunijibu. Mama anakusalimu.

Joha

*

Mikumi, 11 Juni 2025, saa sita mchana

Dada yangu,

Shikamoo! Mama hajambo? Najua nimekaa kimya, hasira ziliniganda. Tuyaache hayo.

Leo nimepata somo. Kuna jamaa anaitwa Innocent, anafunga mitandao kwenye hoteli huku. Nilipomweleza mitambo yangu alicheka mpaka akashika tumbo. Kumbe mashine moja inabeba anwani zote tano bila taabu! Miezi mitatu nalisha kompyuta tano kazi ya moja. Nimejicheka na mimi.

Basi ile ya tano umeshinda, na nyingine tatu juu yake. Nakuja Jumamosi na ufunguo kuzing'oa, mama achomeke yake hapohapo. Naona kwenye simu kwamba hapo umeme umekatika tangu asubuhi na mitambo haijatetereka hata kidogo. Safi sana. Mwambie mama ashangilie.

Mdogo wako akupendaye,
Nassir

*

Kilosa, 11 Juni 2025, saa tisa alasiri

Nassir,

Marahaba.

Umeme umekatika saa tatu kasoro. Hospitali ni karibu, kama ulivyosema. Tumembeba mimi na jirani yetu Mzee Alfred, na mama amekata roho mikononi mwetu kabla hatujafika barabarani. Nimekupigia mara kumi na moja, nilikuwa nimesahau kwamba umenifungia. Mzee Alfred naye kakupigia, kumbe hupokei namba usizozijua. Nimerudi kuketi sakafuni chumbani kwake ili nikuandikie, ndipo nikakuta barua yako.

Umeme bado haujarudi. Barua hii itakufika kwa sababu mashine zako zote tano zinawaka, hata ile isiyo na kazi. Hazikuzimika hata dakika.

Mazishi ni kesho saa nne. Usingoje Jumamosi. Njoo leo na ufunguo, maana kizimba kimechukua nusu ya chumba na wanawake waliokuja kumwosha hawana pa kuweka kitanda.

Dada yako,
Joha