Chiriku Wangu Wakubwa Hawakimbii

Katoyi, Jumapili jioni. Mvua imekatika, lakini ngurumo zinaendelea, maana hizi si za mvua.

Ninaogopa. Niseme mapema, nisije nikajificha nyuma ya habari za ndege kama kawaida yangu.

Umeme hakuna, rezo hakuna. Haya nitayaweka hapa siku mtandao ukirudi. Tangu asubuhi wakimbizi wa njia ya Rutshuru wanapita mbele ya kiwanja chetu na magodoro kichwani. Mama mkwe wangu naye aliingia hivyo hivyo juma lililopita, na sufuria moja na rozari shingoni. Mke wangu alikuwa amekwisha kufunga mizigo. Alitaka kesho asubuhi tuvuke kwa Gisenyi, bariyeri ya mpakani ikifunguliwa, sisi wote na watoto.

Mimi ndiye niliyesita.

Wanaonisoma hapa wanajua chumba changu cha nyuma, kilivyojaa vizimba vya chiriku. Nilianza na wadogo wa kawaida, wenye mdomo mwekundu. Kila uzazi nilichagua dume mkubwa na jike mkubwa nikawafungia pamoja, na watoto wao hivyo hivyo, mpaka leo nina chiriku wenye vifua ambavyo wageni hawaamini. Tukikutana wafugaji, vizimba vikiwekwa mezani, watu huanza kutazama vyangu. Majike wangu ni wazito mno, wanavunja mayai wakiyaatamia, kwa hiyo huwa nayahamishia chini ya majike wadogo. Sasa hivi mayai yapo, na yamekaribia kuanguliwa.

Mchana mama mkwe alisimama mlangoni mwa kile chumba, akaniangalia nikibadilisha maji. "Papa Espérance, ubafungulie tu," akasema. "Beko na mabawa, batajua njia."

Nikaona amesema kweli. Nikafunga dirisha, nikamtoa dume wangu mkubwa kuliko wote, nimjaribu humu ndani kwanza. Nikamwachia kutoka kiganjani. Mama wee! Akaanguka sakafuni, pu! Akapiga mabawa, akafika usawa wa magoti yangu, akashuka tena. Kisha akatulia pale kwenye saruji, ananitazama. Bomu likalia huko juu, vioo vikatetemeka. Wale wadogo wakarukaruka kizimbani kama wendawazimu. Wakubwa hawakutikisika hata kidogo.

Ndipo nikaelewa. Miaka yote nilikuwa naingiza mkono kizimbani, na yule anayeruka kwa hofu nampa jirani, kwa sababu mezani hatulii na haonekani vizuri. Anayekaa kimya ndiye nambakiza azae. Nilidhani nachagua ukubwa peke yake. Kumbe nilikuwa nachagua pia wasiokimbia.

Nikawaza paka. Nikawaza hao wenye bunduki watakaoingia mjini na njaa zao. Nikaenda kwa mke wangu, nikamwambia tangulieni ninyi, mimi nitabaki kulinda nyumba. Neno ndege sikulitaja.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliniangalia tu, akasema, "Nyumba, eh? Ni sawa. Basi siye bote tunabakia."

Akakaa kitandani, akafungua mzigo, akaanza kurudisha nguo za watoto kabatini. Si vitisho, namjua. Kaka yake alibaki hivyo hivyo nyuma kulinda nyumba, vita vile vingine, na hatukumwona tena. Hatavuka bila mimi, na watoto hawatavuka bila yeye.

Ee Mungu wangu, nimefanya nini?

Watoto wanacheka sebuleni, wanafikiri kubaki ni habari njema. Espérance anamfundisha mdogo wake kuziba masikio kila kishindo kinapolia, wamekigeuza kuwa mchezo. Na mimi baba yao nimejifungia huku kwa ndege, nawaza mayai. Mayai!

Basi. Nitafungua milango ya vizimba, nimwage mtama wote sakafuni, nijaze maji kwenye mabeseni. Wadogo watatoka. Wakubwa sijui. Mayai yatabaki pale yalipo, na roho inaniuma vibaya mno kuandika hivyo.

Nasikia mke wangu anafunga kabati. Lazima nimwambie sasa hivi afunge mizigo upya, na nimwambie sababu ya kweli, kabla sijajitafutia nyingine.

Nasimama.