Aliyekunywa Maziwa ya Bihogo

Jumatano, tarehe 2 mwezi wa tano 2018

Bihogo ametoa maziwa nusu kibuyu. Jana pia. Koko — mama mkwe wangu, ng'ombe ni wake — amechungulia ndani ya kibuyu, akanyamaza. Heri apige kelele!

Alhamisi, tarehe 3

Leo amesema. Kuna mtu katika parcelle hii, ndani ya ua wetu, amekula maharagi, akanywa maziwa siku ileile. Ndiyo sababu kiwele kinakauka. Kwao hilo si la mchezo: maharagi na maziwa havikutani tumboni kabla usiku haujapita katikati. Alifundishwa na mama yake, naye mama yake na mama yake. Mimi nilipoolewa hapa niliambiwa hilo kabla sijaonyeshwa choo kiko wapi.

Na nani anakula maharagi kila siku? Madeleine. Alikimbia mapigano kwao Djugu mwezi wa pili akiwa na watoto wawili, Débora wa miaka mitano na Fiacre anayenyonya. Tuliwapa jiko la nyuma walale. Wanakula wanachopewa na parokia, na parokia inatoa maharagi. Basi Koko ameamua: Jumapili baada ya misa waende kambi ya wakimbizi. Jérôme, mume wangu, yuko Kasenyi kununua samaki, simu haipiti. Madeleine alisikia kila neno. Aliendelea kuchagua mawe kwenye maharagi yake, kichwa chini.

Redio inasema kuna amani. Huku Mudzipela, mtaani kwetu, watu wanafunga milango jua likiwa bado juu.

Abigaël wangu akaanza kulia, maana Débora ndiye mwenzake wa kucheza. Halafu — Mungu wangu! — Fiacre, mgongoni kwa mama yake, akageuza kichwa, akamtazama Abigaël, mdomo ukatetemeka, akalia naye. Hajui kambi. Hajui ng'ombe. Nadhani hajui hata kwamba yeye ni mtu mmoja na Abigaël ni mwingine. Kilio cha mwenzake ni chake. Nafundisha maternelle, shule ya wadogo, miaka yote hii na bado nimesimama pale na ufagio mkononi, nashangaa. Sote tulianzia hapo? Hata Koko?

Ijumaa, tarehe 4

Nimemwuliza Abigaël nikimsuka. Ana miaka minne, hajui bado kuficha. Ulimpa Débora maziwa? Ndiyo, katika kikombe changu. Nikamwuliza: ni vibaya?

Akafikiri sana.

— Hapana. Koko hakuniona.

Nilicheka mpaka kitana kikaanguka. Na Mungu je, yeye hakuona? Akainua macho juu, akatazama paa letu lisilo na dari.

— Kuko mabati.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake! Kwake kosa ni kuonekana, basi. Lakini nilipomaliza kusuka, akasema bila kuulizwa kwamba Débora alikuwa anaangalia kile kikombe sana. Sana, mama. Alisema hivyo mara mbili. Hilo nalo limetoka wapi? Mimi sikumfundisha.

Jumamosi, tarehe 5

Siku ndefu. Naandika yote nisije nikasahau.

Asubuhi binti yangu Ornella alinijia na sura ya jaji. Ana miaka kumi. Nyumba hii yote anaipima kwa mizani: zamu ya kuosha vyombo, ukubwa wa kipande cha mkate, nani alikaa mbele kwenye moto na nani nyuma. Alisema:

— Mama, sheria ni ya wote. Kama Débora anaenda kambini, Serge naye aende. Miye niliona. Alikula maharagi kwa jirani, kina Willy, akarudi, akakamua, akakunywa.

Nikamwambia Serge ni kaka yako, ungemtoa kaka yako? Machozi yakamtoka. Akayaacha yateremke.

— Hata yeye. Na kama weye hausemi, miye nitasema.

Mtoto analia na harudi nyuma! Jana tu alikuwa anagombania kipande cha muwa. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga kofi, vyote pamoja.

Nikaenda kwa Serge, anamsugua Bihogo kupe. Miaka kumi na sita, sauti tayari ni ya baba yake. Yeye ndiye anayekamua, maana kwao wanawake hawakamui.

— Ni kweli, mama. Tangu Pasaka. Nilitaka kuona kama ile maneno iko kweli. Maziwa haikupunguka.

— Na sasa imepunguka!

— Pengine iko na mimba. Pengine ni miye. Lakini si Débora peke yake.

Nikauliza kwa nini amenyamaza. Nilingoja aseme fimbo, aseme baba. Akaacha kusugua.

— Koko alipoteza ng'ombe zote wakati wa vita. Alibakia na mama ya Bihogo tu, na ile maneno ya mama yake. Nikimwambia nilifanya nayo majaribio, atabakia na nini? Na nikinyamaza, mutoto wa watu atalala kambini juu yangu.

Hakuniuliza nifanye nini. Alikuwa anaubeba mzigo huo mwenyewe, pande zote mbili, na shingo yake bado nyembamba! Mtoto niliyemfuta kamasi. Niliondoka haraka kama mtu aliyeona kitu kanisani, nikajifanya nina sufuria motoni.

Jioni Honoré wa duka amenisimamisha. Anauliza, kwa tabasamu, kama hatuogopi kufuga watu tusiojua wanatumiwa na nani. Nimenunua chumvi, nimeondoka.

Jumapili, tarehe 6

Serge amesema! Kabla ya misa, mbele ya Koko, amepiga magoti. Koko alienda misa, aliimba, alipokea komunyo, alirudi, akavuta kiti katikati ya uwanja. Madeleine alikuwa amefunga vitu vyake katika shuka, Fiacre mgongoni.

— Ulijua sheria? Koko amemwuliza Serge.

— Nilijua, Koko.

— Na ulifanya.

— Nilifanya.

Kisha bibi kizee huyu, ambaye sijawahi kumwona akisitasita hata kwenye mazishi, amesema:

— Mama yangu aliniachia sheria. Hakuniambia kama mwenye kuivunja ni mujukuu wangu, nifanye nini.

Kumbe na yeye bado anakua! Ana miaka zaidi ya sabini na leo amekanyaga mahali ambapo hajawahi kufika, na anajua, na hajageuka.

Akaanza kutuuliza mmoja mmoja. Abigaël kwanza. Macho yote juu yake, na mabati hayakuwepo kumficha. Akasema: Débora abaki, miye nilimupa. Ornella: wote waende ao wote wabaki, katikati hakuna. Serge: kama mtu anapashwa kulala nje, ni miye. Madeleine naye ameongea, polepole: siye tutaenda, mama, usimutoe mutoto wako juu yetu.

Halafu Koko akanigeukia.

— Na weye, Mama Serge? Weye ni mwalimu. Unasema nini?

Wote walinitazama. Najua kilicho sawa, nakijua kama jina langu. Lakini nikisema abaki, nimempinga mama mkwe mbele ya wajukuu wake, Jérôme hayupo, na kesho duka lote la Honoré litakuwa na habari yangu. Nikisema aende, Serge atanisikia. Atanisikia maisha yake yote.

Nimesema naingia kwanza kuchukua kitenge.

Kitenge nilikuwa nimejifunga tayari. Wote walikiona, hata Abigaël. Nimeketi kitandani, naandika, na nje wananingoja. Wameniachia nafasi. Koko anaita tena — bila hasira, taratibu, kama vile mimi ninavyowaita wale wadogo wa darasa langu waliojificha nyuma ya mlango. Naweka kalamu, natoka.