Matawi ya Barafuni

Petersburg, 14 Januari 1879

Baba yangu Savvaty Gordeyevich,

Shikamoo. Nakuinamia mpaka paji la uso liguse sakafu. U hali gani? Mgongo umepoa, au bado unakusumbua ukiinama kule kwenye barafu? Mimi sijambo, ila kikohozi cha chumba cha baridi.

Nimekutumia ukurasa wa gazeti. Picha iliyochapishwa hapo nimeichora mimi: mto wetu, pale pa kuvukia chini ya kinu cha kusagia nafaka, mwezi wa Desemba. Yenyewe ni kubwa kama mlango wa ghala, na imetundikwa kwenye maonyesho. Sifa za watu wa huku sizihitaji. Hawa husifu hata fremu. Nataka neno moja kutoka kwako, maana mto ule unaujua wewe. Shemasi Porfiry akusomee na akuandikie jibu, bila kuongeza mahubiri yake.

Mwanao,
Yevlampy

Gridino, 3 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Mgongo unauma, ng'ombe kazaa, na shemasi anasema hana mahubiri ya kupoteza kwako.

Barua imesomwa hapa nyumbani kama kawaida, benchi zimejaa majirani. Picha ikapita mkono kwa mkono. Bi Ustinya akaigeuza nyuma, akauliza, "Savvaty, nusu nyingine iko wapi?" Nikamwambia ndiyo yote hiyo. "Masikini, basi wino uliwaishia!" Tulicheka mpaka shemasi akadondosha miwani.

Umetaka neno, haya. Umekula mkate wa mjini miaka saba ili ujifunze kuacha karatasi nyeupe? Farasi hamna, mtu hamna, hata kunguru hamna. Wazee walichora watakatifu, mtu akajua ainamie wapi. Leo niinamie theluji? Ninayo mpaka dirishani, na koleo la kuizolea pia ninalo.

Na hilo ni dogo. Matawi yako wapi? Miaka thelathini nachomeka matawi ya misonobari kwenye barafu, kila baada ya hatua ishirini, watu wajue njia salama. Dhoruba ikiyaangusha, narudi kuyasimamisha. Mtoto wa hapa akichora mto kwa mkaa, huanza na matawi. Wewe umechora njia ambayo nisingempitisha hata mbuzi wa adui yangu. Mto huo hukuuona. Umeuota tu huko, ukiwa umeshiba.

Babako,
Savvaty

Petersburg, 24 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini mgongo una nafuu. Mwambie shemasi asome polepole, asiruke neno. Benchi zikijaa, vizuri zaidi.

Mabwana wa huku nao waliniuliza kwa nini njia haina alama. Nikawaambia ni kwa ajili ya uzuri, wakatikisa ndevu kana kwamba wameelewa. Wapumbavu. Wewe nilidhani sitahitaji kukueleza.

Matawi sikuyasahau. Hayakuwepo. Hiyo ni Desemba ya mwaka 1871, siku ya pili baada ya sikukuu ya Mtakatifu Nikola. Dhoruba ilikuwa imeyalaza yote, na wewe ulikuwa umelala juu ya jiko la matofali, siku ya tatu ya vodka, umekumbatia buti. Nilikutikisa. Ukasema, "Niache, mto hauendi popote." Ndugu yangu Foma akaondoka na farasi na shehena yake ya nyasi, avuke mto. Nikakata matawi kumi, nikamkimbilia. Nilipofika ukingoni nilikuta hicho unachokiona gazetini: farasi hamna, mtu hamna. Hilo doa jeusi upande wa kinu si wino, ni tundu la barafu alimozama.

Ukaja mbio, ukaninyang'anya yale matawi kumi, ukayachomeka kabla watu hawajafika. Kisha ukawaambia Foma alikuwa mzembe, aliacha njia. Kijiji kizima kikamwita mzembe kwenye mazishi yake, nami nikanyamaza, nikahama.

Kwa hiyo ndiyo, mto unaujua.

Yevlampy

Petersburg, 30 Mei

Baba,

Shikamoo. Miezi mitatu kimya. Unaumwa, au umenuna? Kama umenuna, basi nuna.

Picha kainunua tajiri mmoja wa chai. Anataka niongeze farasi na matawi, ati inamtia upweke akila. Amenipa mpaka majira ya baridi. Nimjibu nini?

Mwanao

Gridino, 19 Novemba

Mwanangu Yevlampy,

Salamu. Sikuumwa. Ile barua ya Februari, shemasi alifika penye Nikola akashusha karatasi. "Savvaty," akasema, "hii tuisome wawili." Benchi zilijaa. Nikamwambia, "Soma, wewe! Nikuombe mara ngapi?" Akasoma mpaka jina lako. Bi Ustinya akajitanda shali, akasema, "Na mimi nilimwita mzembe mbele ya jeneza lake!" Akatema mate kwenye buti zangu, akatoka. Wengine wakamfuata. Tangu siku hiyo hakuna anayenivulia kofia, na kwangu hakuna anayekuja kusikiliza barua.

Nilitaka kukujibu kwamba wewe ni mwongo. Shemasi akaweka kalamu chini, akakataa kuandika. Miezi yote hii amekataa.

Leo kakubali. Uliyoyaandika ni kweli. Foma hakuwa mzembe. Mzembe ni mimi. Siku ya Nikola nitasimama kanisani niyaseme hayo kwa mdomo wangu, na padri ameshajua.

Ukurasa wako nimeubandika ukutani chini ya picha takatifu. Asubuhi nikisali naanza na watakatifu, namalizia hapo.

Mto umeganda juzi. Kesho naenda kuchomeka. Huyo wa chai mwambie hivi: kwenye picha ile lisiongezwe hata tawi moja.

Babako,
Savvaty