Kinywa cha Kumbariki Dorika

Mama Editha, shikamoo kama umenizidi, na kama hujanizidi basi nisaidie hivyo hivyo, maana nimefika mwisho. Mimi ni mkulima wa alizeti huku Ikungi, na ndani ya shavu langu pameota kitu chenye chembechembe kama punje za mtama zilizobanana, hakiumi, nimekula nacho, nimeimba nacho kwaya, mpaka mke wangu akaniburuta hospitali, na daktari, kijana mpole tu, akasema kinatia shaka lakini viko vivimbe adimu vinavyofanana na saratani na wala si saratani, kwa hiyo akate kipande kidogo kikapimwe, mimi niliposikia saratani sikusikia tena kingine, na kila mtu anajua uvimbe ukiguswa na kisu unaamka, nikaaga naenda msalani nikapitiliza stendi. Kaka yangu Hosea akanionea huruma, akakifunga kwa unywele wa mkia wa ng'ombe ili kinyauke, hakikunyauka, kikatoa damu, na sasa binti yangu Dorika anaolewa baada ya mavuno, na kwetu binti haondoki kabla baba hajamtemea maji ya kinywani kumbariki, Hosea anasema kinywa kibovu kitamtemea mikosi, kwa hiyo atatema yeye, koti ameshashona. Mama, ni mwanangu wa pekee. Nimbariki, au nimwachie Hosea? Tafadhali usinitaje jina.

Baba Dorika, Ikungi

Marahaba, baba Dorika. Nisikutaje jina, na wewe umemtaja binti, kaka na kwenu. Sasa nikufiche wapi?

Pole. Hofu ya ugonjwa naijua, sikucheki kwa hiyo. Ila wewe kiboko! Kisu safi cha daktari umekikimbia mpaka stendi, unywele wa kufukuzia nzi nyuma ya ng'ombe ukaufungulia mdomo. Kukata kipande cha kupima hakuamshi saratani. Daktari hakusema unayo. Alisema macho peke yake hayatoshi, hata yake. Mimi sijui ni nini, na Hosea hajui, ila yeye haoni aibu.

Tena Hosea huyo huyo ndiye aliyekitoa damu, na ndiye anayekiita kibovu. Koti lake ni zuri, alivae akiwa amekaa.

Mficha maradhi kilio humuumbua. Jumatatu rudi hospitali na mkeo, ueleze na habari za unywele, usione haya. Utapigwa ganzi. Majibu yakichelewa, harusi ingoje. Kikiwa si kitu, utalala usingizi. Kikiwa kibaya, heri kijulikane mapema, kitibiwe.

Na Dorika, mwanangu, najua Ikungi mnausoma ukurasa huu. Baba yako anaogopa kukudhuru, hajui kwamba kukimbia ndiko kunakokudhuru. Mpeleke wewe, ukae mlangoni, na akiaga anakwenda msalani, nenda naye. Maji ya baraka utatemewa na yeye, hata kama kinywani kuna nyuzi za daktari.