Meli Irma Italala Wapi Ijumaa

Temse, 12 Novemba 2023

Mwanangu Veerle,

Salamu nyingi kutoka majini. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kile kikohozi kimekwisha. Mimi sijambo, ni goti tu linalonikumbusha umri kila nikishuka ngazi. Irma naye hajambo, ingawa wataalamu wanasema vingine.

Jumanne alikuja mkaguzi wa meli, kijana mpole, viatu vyake visafi mno. Akaizunguka injini kwa heshima kama mtu aliyekuja matangani, kisha akauliza ni ya mwaka gani. Nikamwambia ni ya mwaka aliozaliwa marehemu mama yako. Akatikisa kichwa. Anasema naweza kuendelea nayo mpaka ife, lakini ikishakufa sitaruhusiwa kuweka nyingine ya aina yake. Sheria ya Ulaya inataka injini mpya isiyotoa masizi, au betri. Nikamuuliza sheria hizo hutungwa na nani. Akasema ni watu wa Brussels. Nikamwambia vizuri, basi nitamuuliza mmoja wao, kwa maana nilikuwa nambadilisha nepi.

Kwa hiyo nakuuliza. Mnataka mizigo ishuke kwenye malori ije majini. Hilo nimelisikia redioni na nikalipigia makofi peke yangu jikoni. Irma anabeba mchanga wa malori kumi na manne kwa safari moja. Sasa mbona mnamwandama mzee mmoja na kamoshi kake?

Jibu liache kwa Odette kama kawaida, kwenye meli yake ya mafuta pale Klein-Willebroek. Bado napita kwake kujaza dizeli, na supu yake bado inaliwa. Simu usihangaike nayo. Iko kwenye droo ya vijiko, na injini ikiunguruma siisikii hata ikilia sikioni.

Ijumaa nitalala Humbeek.

Baba yako


Brussels, 15 Novemba 2023

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima na mapenzi. Kikohozi kimekwisha, asante. Je, goti umelionyesha kwa daktari, au umelipaka ile grisi yako ya minyororo ukaliambia litulie? Nakujua.

Umeuliza, nami nitakujibu kama binti, si kama ofisi. Ulaya imejiwekea lengo: ikifika mwaka 2050 moshi wa usafiri uwe umepungua kwa asilimia tisini. Viwanda vimeanza kupunguza, umeme umepunguza, lakini usafiri ndio mkaidi wa ukoo. Namjua mkaidi mwingine. Ni kweli tunataka mizigo ije majini, na meli ndogo kama Irma tunazihitaji kuliko unavyodhani, kwa kuwa hizo ndizo zinazoingia kwenye mifereji myembamba. Lakini Baba, kamoshi kako kana masizi, na masizi hayo yanaingia kwenye vifua vya watu wanaokaa kando ya maji. Mimi ni mmoja wao. Kutoka dirishani kwangu nauona mfereji.

Ruzuku ya kuweka betri ipo. Omba mapema kabla injini haijafa, wala usingoje. Nimekuwekea humu jina la mtu wa kumwona, tena si rafiki yangu, usije ukasema nimekupendelea.

Ijumaa hii sitaweza kuja. Tuna kikao cha nchi wanachama, na vikao hivyo vikianza havijui kwisha. Labda mwezi ujao.

Binti yako,
Veerle


Rupelmonde, 6 Desemba 2023

Mwanangu,

Habari za huko? Hapa ni baridi na ukungu. Nina afya, lakini furaha sina.

Injini imekufa. Ilikohoa Jumamosi karibu na Boom, ikakohoa tena, kisha ikanyamaza, nikavutwa mpaka hapa karakanani kama ng'ombe anayepelekwa mnadani. Miaka yote hiyo haijawahi kuniaibisha mbele za watu. Nimekaa nayo kidogo chumbani kwake. Najua utacheka.

Yule mtu wako amekuja, naye ni mtu mwema, sina la kumlaumu. Akapima huku na huku. Betri ni makabati makubwa mawili, na hayaenei pale ilipokuwa injini. Anasema lazima abomoe ule ukuta wa mbao ulio nyuma ya injini na kutoa kitanda kilicho upande wa pili.

Kitanda hicho ni chako, Veerle.

Mimi sijawahi kukigusa. Mama yako alikuwa akikitandika kila Jumapili, na tangu afariki nakitandika mimi. Leo ni siku ya Mtakatifu Nikolasi, siku ya zawadi za watoto, nimekuwekea biskuti za mdalasini juu ya mto kama kila mwaka, na wiki ijayo nitazila mwenyewe kama kila mwaka. Nimemwambia yule bwana anipe muda. Akaniuliza nani analala pale. Nikamtilia kahawa.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nyie huko mnaubeba wangu kwa kidole kimoja. Waambie wakubwa wako wapunguze asilimia themanini na tisa, hiyo moja iliyobaki waniachie na kitanda.

Ijumaa nitakuwa hapa hapa Rupelmonde. Sina pa kwenda.

Baba yako


Brussels, 3 Januari 2024

Baba,

Heri ya mwaka mpya, na natumaini u mzima. Nimechelewa kujibu kwa kuwa barua tatu za kwanza nilizichana.

Kitoe kitanda.

Unakumbuka nililala humo miaka mingapi? Nilikuwa na miaka sita mliponishusha kwenye geti la bweni na sanduku langu la bati. Najua, watoto wote wa watu wa meli walipelekwa bweni, shule haiwezi kuelea, nimeyasikia hayo maisha yangu yote. Lakini usiku wa kwanza sikulala. Si kwamba niliogopa giza. Ni kimya. Nilizoea kulala mgongo ukiwa umeegemea ukuta ule, injini ikidunda upande wa pili, na kule bweni ukuta ulikuwa wa matofali, haukusema kitu. Mlikitunza kitanda, Baba. Mimi mkaniacha.

Kila Jumatano ilikuja barua ya kusema Ijumaa mtalala wapi, na kama si mbali mtawa mmoja alinipandisha treni nikaja. Mara nyingi ilikuwa mbali. Nilikuwa naitafuta Namur kwenye ramani ya darasani nikipima umbali kwa vidole. Sasa nina miaka thelathini na nane na bado unaniandikia utalala wapi. Kila Ijumaa nikisoma jina la mahali ambapo sitakwenda, najisikia mtoto mbaya. Naomba usiniandikie tena. Mimi si mtoto wa bweni.

Weka betri. Utapumua vizuri, na mto utapumua.

Veerle


Vilvoorde, 19 Mei 2024

Mwanangu Veerle,

Natumaini u mzima na kazi inakwenda vizuri. Mimi nashukuru, nipo.

Barua yako niliipata, nikaisoma mara nyingi kuliko nitakavyosema. Kazi imekwisha. Mbao za kitanda zilikuwa nzuri bado, seremala wa karakana alizitaka, nikampa. Betri ziko mahali pake. Ruzuku nayo ilikuja. Nisiwe mwizi wa fadhila: meli inakwenda vizuri, haitetemi, kikombe cha kahawa nakiweka juu ya meza na hakitembei. Usiku naifunga gatini, naichomeka kwenye nguzo ya umeme kama pasi, asubuhi nakwenda zangu. Nguo zangu hazinuki dizeli. Mama yako angefurahi, alinililia miaka thelathini juu ya mashuka yake.

Ila kimya, mwanangu. Hilo hakuna aliyeniambia. Nilidhani injini ndiyo kelele iliyokuwa ikinizuia kusikia watu. Kumbe ilikuwa ndiyo mwenzangu. Sasa nasikia maji, nasikia saa ya ukutani, nasikia tumbo langu. Juzi nilijikuta nimejibu kitu kwa sauti, na hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza. Bata hawanipishi tena mpaka niwafikie. Watu wa ukingoni nao hawainui vichwa; zamani walinisikia kabla sijatokea kwenye kona, watoto wakaja kupunga mikono. Napita kama mtu aliyekwisha kufa na bado hajaambiwa.

Sikuandikii haya ili uhuzunike. Hukuniuliza kama nalala vizuri, lakini najibu kwamba hapana, nina upweke.

Kula vizuri.

Baba yako


Brussels, 27 Mei 2024

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, na goti lako nalisalimu.

Nimeisoma barua yako, nikaigeuza, nikatazama hata nyuma ya bahasha. Hukuandika Ijumaa utalala wapi. Najua ni mimi niliyekukataza, na wewe kwa mara ya kwanza katika maisha yako umetii sheria bila kubishana. Sikudhani ingeniuma. Miaka yote hii sikuja, lakini nilijua uko wapi. Jioni ya Ijumaa nilikuwa najiambia, saa hizi Baba yuko Temse, saa hizi anakaanga viazi. Ijumaa iliyopita sikujua nikuweke wapi, nikakaa na koti mwilini mpaka giza likaingia.

Nimempigia mtu wa yadi ya mchanga. Anasema tarehe 7 Juni unapakua kwake hapa Brussels, mchana unateremka tupu kuelekea Boom. Basi lazima upite Humbeek. Nimeomba ruhusa kazini. Nitakungoja pale gatini kuanzia saa tisa. Kitanda hakipo, najua, na ni mimi niliyesema. Nitalala kwenye benchi la jikoni. Nataka tu kukaa na wewe, hata tukinyamaza.

Barua nampelekea Odette leo, utaikuta ukienda kujaza.

Binti yako anayekuja,
Veerle


Humbeek, Ijumaa 7 Juni 2024

Baba,

Naandika nikiwa kwenye kituo cha basi, mikono ina baridi, samahani kwa mwandiko. Natumaini popote ulipo u mzima.

Nilifika saa tisa kasorobo. Mvua ikaanza, nikaingia kwenye kibanda hiki cha vioo. Kinaelekea barabarani, mgongo wake uko upande wa mfereji. Sikujali. Nilijisemea nitaisikia Irma ikiwa bado mbali, kama zamani, siku chache mlizopita kando ya bweni nilipokuwa naijua kwa mdundo wake kabla mtawa hajaona hata bendera, nikakimbilia getini wenzangu wakinicheka. Nikakaa nasikiliza. Yakapita malori, ikapita pikipiki. Nikasikiliza tena.

Saa kumi na mbili alipita mzee na mbwa wake. Nikamuuliza kama ameona meli ndogo ya kijani. Akasema, "Ile isiyo na sauti? Imepita zamani, dada, ulikuwa umeipa mgongo."

Baba, mimi nimeandika kurasa na kurasa juu ya injini zisizo na kelele. Nimesimama mbele ya mawaziri nikazisifu. Kisha nimekaa saa tatu kwenye mvua nasikiliza moja.

Nimempigia Odette. Barua yangu bado iko kwenye rafu yake, na nyingine mbili za mtu wa bima. Anasema hajakuona tangu Februari, ulipokuja kwa basi kuchukua barua. Dizeli hununui, utakwenda kwake kufanya nini? Hatukulifikiria hilo, si mimi wala mawaziri. Nimemwomba akutafute, atundike kitambaa chekundu mlingotini ukipita. Hii nayo naipeleka kwake kwa sababu sina pengine pa kukuandikia.

Sikuja kukulaumu. Nilikuja.

Mwanao,
Veerle


Klein-Willebroek, 30 Juni 2024

Mwanangu Veerle,

Salamu za mapenzi. Nina afya, nawe Mungu akupe. Nimeshiba supu ya Odette, maana kitambaa chake nilikiona leo asubuhi nikasimama, na amenitukana mpaka amechoka. Barua zako mbili nimezisoma mezani kwake. Ya pili nimeisomea nje.

Nilikuona.

Nilikuwa usukanini. Niliona mwanamke ndani ya kibanda, amenipa mgongo, koti la bluu, amejikunyata. Nikajiambia maskini yule, wa nchi kavu, anangoja basi kwenye mvua. Nikataka kupiga honi nimsalimie, nikaona haya. Nikasema nitamshtua tu mtu wa watu. Nikapita karibu hivi, Veerle, ningeweza kukurushia kamba.

Tangu hapo nimekuwa nikimkumbuka yule mwanamke, hata kabla sijasoma. Sijui kwa nini. Sasa najua.

Sina maneno juu ya bweni. Ningekuwa nayo ningeyasema zamani. Ila nimepima juu ya kabati la betri, pale pale palipokuwa kitanda. Godoro la mtu mmoja linaenea, na pana joto kidogo usiku betri zikichaji. Ukitega sikio panavuma taratibu sana. Si injini, lakini si kimya. Nimeshanunua godoro, hata usipokuja halitaoza.

Simu nimeitoa kwenye droo. Sijui inavyowashwa, utanionyesha.

Ijumaa nitalala Humbeek. Nitaanza kupiga honi tangu daraja la Grimbergen, na wenye nyumba wakitaka kushtaki na washtaki. Lakini wewe usitegemee masikio. Kaa nje ya kibanda, uelekee maji.

Baba yako