Matundu Tisa ya Mtumbwi

Zachary,

Uji uko jikoni, nimeufunika. Mbuzi usiwafungue, maji yamefika kwenye migomba.

Alfajiri Nyanya alipiga simu kutoka shambani ng'ambo. Maji yameingia kibandani, yeye yuko juu ya kitanda, tumpelekee mtumbwi. Nikakimbia nyuma ya banda. Mtumbwi wa marehemu babu yako umeupigilia wavu juu, ndani umeweka makumbi mabichi ya nazi na beseni la maji, na yule chatu wako wa rangi za upinde wa mvua amejikunja humo kama bwana harusi. Eti mti wa mtumbwi unamtunzia unyevu. Sawa. Lakini kutoboa chini matundu tisa ya kutolea maji, Zachary! Tuna mwingine?

~~Mtupe huyo nyoka.~~ Usimtupe, hana kosa. Mhamishie kwenye pipa, ulifunike vizuri, kisha uzibe matundu kwa matambara na lami.

Mimi naenda kwa miguu hadi darajani, nikaombe mtumbwi kwa watu.

Nyanya amepiga tena. Nimemdanganya kwamba uko njiani. Amesema, "Mwambie asiharakishe, asije akazama."

Mama yako