Sabuni Iliyokuwa Ikipungua

Voi, Alhamisi

Kwa dada yangu Kavinya,

Natumai barua hii itakukuta salama hapo Mwatate, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Huku miili ni mizima. Mwelu ameota jino la pili na huning'ata akinyonya. Sikupigi simu kwa sababu nyumba yetu ni ya mabati na Mulinge husikia kila neno.

Unakumbuka alikodi shamba la vitunguu kule karibu na mto. Tangu apande, wimbo wake ulikuwa Peris, msichana anayeuza katika agroveti, duka la pembejeo za kilimo, hapa mjini. Peris amesema vitunguu vipigwe mbolea ya majani, ile ya maji ya kunyunyizia. Peris amesema ipigwe alfajiri, kabla jua halijawa kali. Mume anayeruka kitandani saa kumi na moja kwa neno la msichana, wewe ungemwamini? Halafu sabuni yangu ya kuoga, ile ya harufu ya waridi, ikawa inapungua, na shati lake linarudi likinukia mgongoni. Nilipomuuliza, akasema majani ya kitunguu yanateleza kama yamepakwa nta, hivyo Peris amemwambia atie sabuni kidogo ili mbolea ishike, na pampu yenyewe inamvujia mgongoni. Nilicheka kwa hasira. Dalili ya mvua ni mawingu, nikajiambia. Kumfuata sikuweza, shamba liko mbali na mtoto ni mdogo.

Wiki tatu zilizopita majani yalianza kugeuka manjano, kisha yakalala chini. Zaidi ya nusu ya shamba imekwenda. Mulinge hali, halali. Anasema Peris alimuuzia mbolea bandia, na ameipeleka chupa yake kwa mwenye duka. Jumamosi Peris anafutwa kazi. Maskini mume wangu anatafuta adui mjini, naye kikulacho ki nguoni mwako.

Dada, ni mimi. Nilitia vifuniko viwili vya dawa ya kuua magugu ndani ya chupa yake ya mbolea. Nilitaka kumpima. Kama kweli anakwenda kunyunyizia, vitunguu vitakauka. Kama anakwenda kwa Peris, vitabaki kijani. Siku aliporudi na kitunguu kilichokauka mkononi, machozi yakimtoka, mimi nilifurahi. Nilimpikia chapati. Hilo la chapati ndilo linaloniuma kuliko yote, na hata kwa pasta siwezi kulisema.

Nitamwambia kesho, kabla Peris hajapoteza kazi yake kwa ajili yangu. Msalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba ya Mwelu. Ukiisoma hii, ujue nimeshasema. Usinipigie, nitakupigia mimi, ingawa sijui nitakuwa nyumba gani.

Mdogo wako,
Syokau